Rafu za jikoni zinapoinama: jinsi ya kuziimarisha kabla hazijaanguka

Siku tatu kabla ya Ramadhani, usiku wa manane, rafu ya kati ya kabati letu la jikoni ilishuka na kila kilichokuwa juu yake. Tulikuwa tumeweka pakiti 12 za unga, mchele kilo 10, dumu la mafuta la lita 10 na sahani za udongo alizoniachia mama. Piga hesabu: unga kilo 24, mchele 10, mafuta karibu 9. Hizo ni kilo 43 hata kabla ya sahani, juu ya ubao ulioshikwa na vijiti vinne vya plastiki. Sahani zilizosalia ni mbili. Mchana wake mwanangu alikuwa amekaa chini ya rafu hiyo hiyo akichambua ndizi.

Fundi niliyemwita asubuhi aliokota kipande cha ubao, akakimega kwa vidole. "Dada, hii ni chipbodi, na imekunywa maji," akasema. Chipbodi ni vipande vya mbao vilivyosagwa vikashikamanishwa kwa gundi. Juu na chini hufunikwa karatasi laini, lakini ukingo ukiachwa wazi, unyevu huingia, ubao ukavimba, na ukishavimba haurudi. MDF nayo ina udhaifu huo huo. Kwa hali yetu ya hewa hapa pwani, chai ya asubuhi pekee yatosha kuujaza jiko mvuke. Kwa hiyo kabla ya kununua kikapu chochote cha kupangia vyombo, vuta rafu nje na upapase kingo zake zote. Ukikuta pamevimba au pamelainika, usiirudishe.

Kama ubao ni mzima lakini umeinama, tatizo kwa kawaida ni urefu. Mzigo ukitandazwa sawasawa, ukiongeza nafasi baina ya mihimili mara mbili, kuinama huongezeka mara 16. Unene nao una nguvu yake: ukiuongeza maradufu, kuinama hupungua mara 8. Ndiyo maana mimi husema anza na nguzo. Rafu ya sentimita 90 ukiitia kigawanyo kimoja cha kusimama katikati, kutoka sakafu ya kabati hadi chini ya rafu, umeipa maisha mapya kwa kipande cha plaiwudi. Ukikosa nafasi ya kigawanyo, gundisha na ukaze kwa skrubu ubao wa inchi mbili, umesimama wima, chini ya ukingo wa mbele. Kwa rafu mpya, nachagua plaiwudi ya milimita 18 na sizidishi sentimita 60 bila mhimili. Kingo zote zipakwe vanishi au rangi, hasa ule wa nyuma usioonekana, ambao mafundi wengi huuruka.

Vile vijiti vya plastiki nimevitupa. Badala yake fundi alikaza ubao mwembamba kila upande na mmoja mgongoni, rafu ikakalia mbao tatu. Haupati tena uhuru wa kuisogeza juu na chini, lakini sijui jirani hata mmoja anayeisogeza.

Droo ni habari nyingine. Reli za magurudumu madogo ya plastiki zafaa vijiko na miko. Kwa sufuria wataka reli za gololi, na uulize kilo ngapi zinabeba. Nyingi za upana wa milimita 45 huandikwa kilo 35 hadi 45. Angalia pia sakafu ya droo. Ikiwa ni kile kibao chembamba cha milimita 3, reli imara haitakusaidia, kwani sufuria zitapita chini. Badilisha kwa plaiwudi ya milimita 9 au 12.

Kuhusu vikapu vya chuma vya kuvuta, nenda dukani na sumaku ndogo. Sumaku ikinata kwa nguvu, kuna uwezekano mkubwa ni chuma cha kawaida kilichopakwa mng'aro, na chumvi ya hapa petu itakipata. Bawaba na skrubu vilevile: skrubu ya kawaida huanza kuacha alama ya kutu haraka kuliko unavyofikiri.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni masinia. Tulikuwa tukiyalaza moja juu ya jingine, na la chini likitakiwa, yote yatoke. Sasa yamesimama wima baina ya vigawanyo vinne vya plaiwudi, kama vitabu, pamoja na vifuniko vya sufuria. Mbuzi ya kukunia nazi haikupata kigawanyo cha kuitosha. Inaning'inia kwenye ndoano nyuma ya mlango. Wazee wetu walioweka zidaka ndani ya kuta za mawe hawakuwa na shida hii ya ubao kuinama, ila wengi wetu sasa twaishi kwenye fleti.

Chini ya sinki usiweke unga wala mchele kamwe. Inua sakafu ya kabati hilo kidogo ili maji yakivuja yaonekane, ziba maungio kwa silikoni, na weka sabuni kwenye beseni la plastiki linalotoka lote. Ukikausha hapo, mende nao hupungua. Mtungi wa gesi nao usiufungie ndani ya kabati lisilo na matundu ya hewa chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni. Na mtungi wa kilo 13 ukijaa, pamoja na chuma chake, hukaribia kilo 28, kwa hiyo ukae juu ya sakafu yenyewe.

Ukiwa mpangaji, mwambie mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Vigawanyo vya kusimama havihitaji tundu hata moja, na siku ya kuhama wavibeba. Na fundi akikupa bei, mwambie aitenganishe: mbao mbali, reli na bawaba mbali, kazi mbali. Vifaa nilinunua mwenyewe, sumaku mkononi.