Ukuta wa Chokaa

Ninayo picha moja ambayo niliitazama kwa miaka mingi bila kuielewa. Ilipigwa mwaka 1984, nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Pangani. Inawaonyesha wanafunzi 41 wa darasa la saba, wamepangwa safu tatu mbele ya ukuta wa darasa, wote wamevaa mashati meupe. Mashati yanaonekana vizuri, hata vifungo unaweza kuvihesabu. Ukuta nao unaonekana. Kisichoonekana ni sura za watoto. Juu ya kila kola pana doa jeusi, na katika baadhi ya madoa hayo pana mstari mweupe wa meno.

Wakati ule hatukuona ajabu. Picha za shule zote zilikuwa hivyo, nasi tukidhani ndivyo tulivyo: kwamba mtu mweusi akipigwa picha huwa mweusi, basi. Tuliitia picha katika fremu, tukaitundika ofisini, tukaendelea na kazi.

Mwaka 1986 alikuja ofisini mama mmoja wa kijiji kile. Mwanawe, aliyekuwa mmoja wa wale 41, alikuwa amefariki kwa malaria wiki chache kabla. Mama yule hakuwa na picha yake hata moja, akasikia kwamba ipo ya darasa. Niliishusha ukutani nikamkabidhi. Aliipitisha kidole safu ya kwanza, akaipitisha ya pili, kidole kikasimama. “Huyu,” alisema. “Nimemjua kwa namna alivyoinamisha bega.” Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanirudishia. Hakunilaumu. Aliniambia tu, “Ahsante, Mwalimu,” akaenda zake.

Nilistaafu mwaka 2011. Miaka michache iliyopita mjukuu wangu aliniletea zawadi ya kamera, Canon EOS 2000D, ambayo ni ya watu wanaoanza kujifunza. Alisema ni afadhali kuliko kukaa barazani kusubiri magazeti. Nikiri kwamba niliipokea kwa woga. Mtu aliyefundisha wengine maisha yake yote huona haya kurudi darasa la kwanza akiwa na miaka sabini na ushei. Lakini elimu haina mwisho, nami nilikuwa nimewaambia hivyo wanafunzi wengi mno kiasi cha kushindwa kurudi nyuma.

Nilianza kwa kutaka kujua chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Ndani ya kamera ya aina hii mna kioo kidogo kilichosimama mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga unaoingia hugonga kioo hicho, ukaelekezwa juu, mpaka kwenye tundu la kuchungulia. Kwa hiyo unachokiona ndicho lenzi inachokiona. Ukibonyeza kitufe, kioo hujiinua, pazia lililo nyuma yake hufunguka na kufungika, na mwanga huangukia kwenye kibamba chenye vihisio vipatavyo milioni 24. Zamani mahali hapo ndipo palipokuwa na filamu. Mhandisi Steven Sasson alipounda kamera ya kwanza ya kidijitali katika kampuni ya Kodak, mwaka 1975, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, nayo ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Kampuni hiyo iliyozaa mtoto huyu haikumlea ipasavyo, na mwaka 2012 ililazimika kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Somo lililofuata lilinisumbua. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba, nami nikaona kwamba namba ikiongezeka, tundu linapungua. Kwenye 8 tundu ni dogo kuliko kwenye 4. Nilidhani kitabu kimekosewa, mpaka nilipogundua kwamba hizo ni sehemu, si namba kamili. Ile 4 maana yake ni robo ya urefu wa fokasi wa lenzi, na ile 8 ni thumuni. Nilicheka peke yangu. Nimefundisha sehemu kwa miaka mingi, nikiwachapa watoto waliosema kwamba thumuni ni kubwa kuliko robo kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Sasa nilikuwa mmoja wao.

Nilipomaliza tundu nikaja kwenye kipimamwanga, na hapo ndipo picha ya 1984 iliponirudia.

Kipimamwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Hakijui ukuta wala mtoto. Kinapima tu wingi wa mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vilivyo mbele yake, na kimetengenezwa kuamini kwamba kila kitu duniani, kikichanganywa pamoja, ni cha kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye kitu cheupe sana, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza. Ukikielekeza kwenye kitu cheusi, kinadhani mwanga haukutosha, kinauongeza. Nilijaribu nyumbani. Nilimkalisha dada yangu barazani, mbele ya ukuta mweupe, naye amejitanda kanga nyeupe. Picha ilipotoka, kanga ilionekana kila uzi. Dada yangu alikuwa doa.

Niliitazama picha ile kwenye kioo cha nyuma cha kamera, nikaenda chumbani kuitoa ya 1984. Zilikuwa picha moja.

Msomaji wangu, mtu akitambua kosa, kitu cha kwanza anachokitafuta ni mtu mwingine wa kulibeba. Nami nilitafuta. Nilianza kusoma historia ya jambo hili, na kwa muda nilipata faraja. Mbinu ya Louis Daguerre ilitangazwa kwa ulimwengu huko Paris mwaka 1839, na kwa miongo mingi baada ya hapo bamba na filamu zilizotumika zilikuwa vipofu kwa rangi nyekundu. Ngozi ya kahawia ina wekundu mwingi, kwa hiyo ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Filamu zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, zikaenea polepole.

Zikaja picha za rangi. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, katika makala yake ya mwaka 2009, ameeleza jinsi maabara za kusafisha picha zilivyokuwa zikipatanisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hiyo iliitwa Shirley. Akitoka vizuri Shirley, picha zote zilihesabiwa kuwa zimetoka vizuri. Katika darasa lenye watoto weusi na weupe, weupe walionekana na weusi wakazama. Roth anaeleza pia kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma Kodak kurekebisha filamu zake ni ya wenye viwanda vya chokoleti na ya watengenezaji wa samani, waliotaka tofauti za rangi ya kahawia zionekane katika matangazo yao. Chokoleti na meza zikasikilizwa. Nilisoma habari hizo kwa hasira, lakini, niseme kweli, chini ya hasira ile palikuwa na nafuu. Nikasema: kumbe haikuwa sisi.

Lakini nafuu ile haikudumu. Picha yangu ya 1984 si ya rangi, kwa hiyo Shirley hakuigusa. Na kufikia mwaka huo filamu zilizokuwa vipofu zilikwisha kuwa za makumbusho. Isitoshe, palikuwa na mashahidi wengine waliosimama dhidi yangu. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Mwaka 1942 N. V. Parekh alifungua studio yake Mombasa. Hawa na wenzao walipiga picha za watu wa pwani kwa filamu zile zile za Wazungu, na ukizitazama leo unaona kila mstari wa uso, mng'ao wa shavu, wanja machoni. Waliweka taa karibu na uso, wakatundika pazia lisilo jeupe nyuma ya mtu, wakapima mwanga wa ngozi badala ya mwanga wa nguo. Filamu ilikuwa na upungufu wake, lakini wao waliijua sura waliyokuwa wakiipiga, wakaifuata.

Sasa turudi Pangani. Mpiga picha wetu alikuwa akija kwa basi mara moja kwa mwaka. Ni nani aliyempangia saa sita mchana, jua likiwa utosini, ili vipindi vya asubuhi visivurugike? Ni mimi. Ni nani aliyeagiza ukuta upakwe chokaa wiki ile ile, ili shule ionekane nadhifu mbele ya wakaguzi? Ni mimi. Ni nani aliyewarudisha nyumbani watoto wawili kwa sababu mashati yao yalikuwa yamefifia? Nilitaka picha ya shule nzuri, nikaipata. Kipimamwanga kilitii kile nilichokiweka mbele yake: kiliona chokaa na mashati, kikawaacha watoto.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama yule mama. Sasa ni bibi kizee, macho bado yanaona. Nilimpiga picha chini ya mwembe wake, asubuhi. Siku hizi nimejifunza kupima mwanga usoni. Mwanzoni niliongeza mno, sura zikatoka zimepauka kama zilizopakwa unga, maana kipimamwanga hutaka kuifanya kila ngozi kuwa ya kijivu. Sasa napima uso, kisha napunguza kidogo, mpaka rangi ifike pale ilipo kwa kweli. Alipojiona kwenye kioo cha kamera alitabasamu. Kisha akauliza lile ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu nilipotoka nyumbani.

“Mwalimu, mashine hii mpya haiwezi kumtoa mwanangu katika ile picha?”

Nilimwambia nitajaribu, na nikajaribu. Niliipiga picha ile ya zamani kwa uangalifu, mjukuu akaiweka kwenye kompyuta, akaongeza mwanga mahali pale pa safu ya pili. Weusi ukageuka kijivu, kijivu kikajaa chenga, na ndani ya chenga hamkuwa na mtu. Tukaambiana kwamba huenda nega ikawa na zaidi, kwa kuwa nega aghalabu huhifadhi vitu ambavyo karatasi imeviacha. Nilisafiri hadi Tanga mjini kuiulizia. Mpiga picha amekwisha kufariki, chumba chake sasa kinauza vocha na chaja za simu, na masanduku ya nega, waliniambia, yalitupwa wakati wa kupaka rangi.

Nilirudi kumwambia. Nilimweleza kwamba jina la sanaa hii kwa Kigiriki maana yake ni kuandika kwa mwanga, na kwamba mahali ambapo mwanga haukuandika hakuna chombo kinachoweza kusoma. Nikamweleza pia habari ya ukuta na ya saa sita mchana, na kwamba mpangaji wa yote yale nilikuwa mimi. Alinyamaza kidogo, akasema, “Lakini bega limebaki.” Akanikaribisha chai.

Mwezi Septemba, kabla ya mtihani wa darasa la saba, mwalimu mkuu wa sasa aliniomba nikawapige picha wahitimu. Alikwisha kuwapanga mbele ya ukuta, na ukuta ulikuwa umepakwa upya. Nilimwomba radhi mbele ya wanafunzi wake, nikawahamishia chini ya kivuli cha mkungu. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Watoto wawili walikuwa na mashati yaliyofifia, wakasimama safu ya mbele. Nilipima uso wa mmoja wao, nikapunguza kidogo, nikabonyeza. Kisha nikaketi na mwalimu wa zamu, na nyuma ya kila nakala tukaandika majina yote 56, safu kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia.