Kigari cha Kijani na Mkimbizi wa Kijerumani

Wadau, msicheke mkiona mtu mzima anagombania kigari cha kuchezea! Mwaka 1933, Myahudi mmoja aliyekimbia Wanazi Ujerumani alianzisha kampuni ya midoli, Mettoy, mjini Northampton, Uingereza. Mwaka 1956 ikazindua vigari vya Corgi, vilivyotengenezwa Swansea, Wales. Kimojawapo ni Vanwall ya kijani, mfano wa gari la Kiingereza lililotwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa watengenezaji wa Formula 1, 1958. Watoto wakavisukuma mchangani, maboksi wakatupa. Mettoy ikafilisika 1983. Leo kigari chenye boksi lake ndiyo dili lenyewe. Yaani aliyefukuzwa kwao ndiye aliyewapa watoto wa Kiingereza fahari yao, tena mkononi kabisa. Wewe cha utotoni ulikitunza?