Maana ya Safari

Msomaji, simama asubuhi kando ya njia kuu ya Ukunda, karibu na Diani, uwatazame wapandao magari. Mmoja ni mgeni wa ng'ambo aendaye Shimba Hills kutazama ndovu. Wa pili ni mama wa Kidigo ampelekaye mwanawe hospitali ya Msambweni. Mgeni atakwambia, kwa lugha yake, kuwa yumo katika safari. Mama naye atalitumia neno lilo hilo. Je, wasema jambo moja?

Asili ya neno ni Kiarabu, lakini Kiswahili kimelilea na kulizalisha: kusafiri, msafiri, msafara, kusafirisha. Halilingani na matembezi. Mtu atokaye alasiri kupunga upepo ufuoni hatusemi kasafiri, twasema katembea. Atembeaye aweza kurudi wakati wowote asipate hasara. Msafiri arudipo kabla ya kufika, haja yake imepotea. Urefu wa njia peke yake hautoshi kutofautisha, maana hata aendaye kisimani mara tatu husema amekwenda safari tatu. Kisima ki karibu, lakini kila mwendo una ndoo yake ya kujaza.

Sheria ya dini nayo yatufunza. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na kula mchana wa Ramadhani kisha alipe. Umbali utakiwao hukadiriwa kuwa kilomita 80 au zaidi kidogo. Kwa hiyo atokaye Msambweni kwenda Mombasa, mwendo usiofika kilomita 60, hapati ruhusa hiyo. Lakini liko sharti jingine lenye uzito: msafiri awe na mahali maalumu anapokusudia. Azururaye ovyo hana ruhusa, hata akienda mbali namna gani. Kadhalika aliyeondoka kwa nia ya kutenda maasi.

Katika karne ya 19 neno hili lilibebwa mabegani. Misafara ya biashara iliondoka Mombasa, Vanga, Tanga na Pangani, ikaelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Ilikwenda na nguo, ushanga na nyaya za shaba, ikarudi na pembe za ndovu. Mara nyingi mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo zipatazo 30, naye aliuchukua kwa miezi mingi juani. Wazungu waliokuja kuvumbua nchi walifuata desturi hiyo hiyo. Joseph Thomson, Mskoti aliyetoka Mombasa mwaka 1883 kwenda Umasaini, hangefika bila ya wapagazi na viongozi wao. Kwa mikono ya watu hao neno safari likaingia katika Kiingereza.

Lakini tusiifanye historia yetu kuwa tamu kupita kiasi. Njia zilizopeleka nguo bara zilileta pia watu waliotekwa, wakauzwa mashambani pwani au wakavushwa bahari. Shimoni, kusini ya Msambweni, mapango yake hukumbukwa hata leo kwa biashara hiyo. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuikomesha biashara ya watumwa baharini, na utumwa wenyewe haukufutwa katika pwani ya Kenya ila mwaka 1907. Watu wale walikwenda mwendo mrefu kuliko wengi, lakini hawakukusudia, hawakuaga, wala hawakutazamia kurejea. Je, tuuite mwendo wao safari? Mimi nasita. Nia ilikuwa ya mwingine. Wao walikuwa mzigo wake.

Baadaye Kiingereza kilibana maana ya neno. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa akaenda bara kuwinda, na habari zake zilienea duniani. Safari ikawa kuwinda wanyama. Na Kenya ilipopiga marufuku uwindaji huo mwaka 1977, ikabaki kuwapiga picha.

Hatumlaumu mgeni wa Diani. Naye ana nia yake, na neno likiazimwa haliishi. Hasara itakuwa yetu ikiwa sisi wenyewe, tukisikia safari, tutaona gari na simba, tumsahau mpagazi mwenye frasila mbili na mama mwenye mtoto mgonjwa. Basi, msomaji, uliye katika safari ya elimu, jiulize maswali matatu ambayo neno hili limeyauliza tangu zamani: Wakusudia wapi? Umechukua mzigo gani? Na nyumbani ni nani akungojaye?