Nani alipie matangazo ya kuacha sigara?

Uzi. Kila mjadala wa bajeti ya afya ukianza hapa, lazima mmoja aseme ati wizara iposti tu video, mtandao ni bure. Mwingine anajibu kwamba ushuru wake usilipie video za Facebook. Hebu kwanza tupitie historia ya Marekani, maana hili swali walilipigania kabla yetu, halafu turudi nyumbani.

Miaka ya 1960, wakili kijana John Banzhaf aliilalamikia tume ya utangazaji, FCC, kuhusu stesheni moja ya runinga ya New York. Hoja yake: masafa ni mali ya umma, kwa hivyo stesheni ikilipwa kuonyesha sigara kama raha, iwape nafasi pia wanaosema inaua. 1967 tume ikakubali. Haikuwa nusu kwa nusu. Ilikuja kuwa karibu tangazo 1 la kupinga kwa kila 3 ya sigara. Lakini lilikuwa la bure, saa ambazo watu wanatazama. Miaka hiyo, wastani wa sigara kwa kila mtu mzima ukashuka.

1969 kampuni zenyewe zikajitolea kutoka runingani. Kwani ziliingiwa na huruma ghafla? Mimi sidhani. Marufuku ilipoanza Januari 1971, hapakuwa tena na tangazo la sigara la kujibiwa, kwa hivyo zile dakika za bure nazo zikayeyuka. Miaka michache iliyofuata, uvutaji ulipanda tena kidogo.

Pesa ilirudi kupitia mahakama. 1998 kampuni kubwa zilikubaliana na majimbo 46 kulipa angalau dola bilioni 206 kwa miaka 25, na kutoka hapo ikazaliwa kampeni ya vijana iitwayo Truth, 2000.

Halafu 2012, serikali kuu ikaja na Tips From Former Smokers. Kama hujaona video ya Terrie Hall, itafute YouTube. Mama aliyeugua saratani ya koo anaonyesha anavyojiandaa asubuhi: anavaa meno, wigi, kisha kitambaa cha kufunika tundu shingoni. Alifariki 2013. Matangazo yale yalikuwa na namba ya simu ya bure, na upande wa pili kuna mtu anapokea. Taasisi ya CDC inakadiria zaidi ya watu milioni 1 waliacha kati ya 2012 na 2018. Video bila ile namba ingekuwa kilio tu.

Sasa Kenya. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 iliunda hazina maalum ya elimu, utafiti na kuwasaidia watu kuacha. Kanuni za 2014 zikasema kampuni zichangie 2% ya thamani ya bidhaa zao za tumbaku. British American Tobacco ikapinga kortini hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019.

Kwa hivyo si ushuru wako, wala si bure. Mlipaji alishatajwa. Hata namba tunayo: 1192 ya NACADA hailipishwi.

Mgombea akikuahidi "uhamasishaji mitandaoni", muulize mambo mawili: ile hazina imeingiza shilingi ngapi, na 1192 itaongezewa watu wangapi wa kupokea simu?