Redio na saa za mkono zilifikaje sokoni kwetu

Ndugu wasikilizaji, hasa ninyi mliokimbia vijiji vya Beni tangu mauaji ya Oktoba 2014: wengi mlitoka na redio ndogo mkononi, sufuria mkaiacha.

Redio hiyo ina historia. Wafanyabiashara wa Butembo hawakungoja mizigo itoke Kinshasa. Walipanda ndege wenyewe kwenda Dubai, Hong Kong, baadaye Guangzhou. Kontena hushuka Mombasa, hupita Uganda, huingia kwetu Kasindi. Barabara ya Kasindi–Beni ikishambuliwa, bei hupanda hata kwa betri.

Saa ya Casio F-91W ilitoka mwaka 1989, na betri yake hukaa karibu miaka 7. Ya bandia, hata miezi 7 ni bahati. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, mimi mwenyewe nimedanganywa.

Redio Okapi ilipoanza mwaka 2002, redio ikawa ya kujua njia gani inapitika leo. Kwa hiyo tochi ya jua ikinizimikia nakasirika tu. Redio ikizima, nyumba nzima haijui kama ilale au ihame.

Kabla ya kulipa, iwasheni palepale, mfungue na kifuniko cha betri. Chuma kikiwa na kutu, rudisheni.