Msamaha wa Kanuni za Ushindani

Mkulima wa Kinole anayetaka kujua bei ya ndizi au karafuu Morogoro mjini kabla hajateremsha mzigo anategemea mnara wa simu, na milima ya Uluguru anakoishi si nchi rahisi kwa minara. Mawimbi ya simu huenda moja kwa moja. Mgongo wa mlima ukiyakinga, kitongoji cha upande wa pili hakipati mtandao. Kampuni mbili zikipatana kutumia mnara mmoja, gharama hupungua na vitongoji vingi zaidi hufikiwa. Lakini washindani wakishakaa mezani kupatana, sheria ina haki ya kuuliza wamepatana nini kingine. Je, na bei?

Kwa mazingira ya namna hii, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeweka msamaha. Kifungu cha 12 kinaipa Tume ya Ushindani uwezo wa kuruhusu makubaliano ambayo vinginevyo yangezuiwa, iwapo manufaa yake kwa umma yanazidi madhara. Kifungu cha 13 kinafanya hivyo kwa kampuni zinazoungana. Mambo ya ushindani yanayojitokeza katika sekta ya mawasiliano hupitia pia kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka huohuo.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria Tanzania, kwa hiyo uteuzi wa neno hapa una uzito. Wako wasiopenda “msamaha” kwa kuwa husamehewa aliyekosa, ilhali kampuni hizi huomba kabla ya kutenda. “Ondoleo” halitusaidii, maana nalo limezoeleka kwenye dhambi. “Ruhusa maalumu” iko karibu zaidi na maana, ila katika sekta hii kila mtoa huduma tayari ana ruhusa, yaani leseni, na mawili hayo yatachanganywa. Mimi nabaki na msamaha. Msamaha wa kodi umekwisha kutuzoesha kwamba anayeupata hajakosa, na wananchi wanajua la kuuliza wakiusikia: nani kapewa, kwa sababu gani, hadi lini, na pengo linazibwa na nani?

Ninalolikataa ni kuliita msamaha kila pendeleo linalotoka serikalini. Februari 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za kampuni yake ya simu, TTCL, kwa wabia MSI na Detecon, na kampuni ikahakikishiwa miaka minne ya kuwa peke yake katika simu za mezani. Ile ilikuwa haki ya pekee. Msamaha humlegezea mtu kanuni huku wengine wakibaki sokoni. Haki ya pekee huwafungia wengine mlango. Kenya iliipa Telkom Kenya haki kama hiyo hadi mwaka 2004; Uganda iliigawa kwa wawili, UTL na MTN, hadi 2005. Hoja ilikuwa moja kote: mwekezaji apewe nafasi ya kujenga kabla hajashindanishwa. Ilipofika Februari 2005 muda wa TTCL ukaisha, TCRA ikaja na mfumo mpya wa leseni. Muda ule uliandikwa tangu mwanzo, na naona huo ndio uliokuwa ulinzi mkubwa wa mteja.

Kuna jambo la tatu ambalo halistahili kabisa jina la msamaha. Sheria ya 2003 inavihusu vyombo vya serikali pale vinapofanya biashara. Kutoza kodi au kutoa leseni si biashara, hivyo sheria haivigusi huko. Hapo neno sahihi ni kutohusika: hakuna aliyeomba na hakuna aliyepewa. Shirika la umma linalouza vifurushi, kwa upande mwingine, liko sokoni kama kampuni nyingine yoyote, na mtu akisema limesamehewa kwa sababu tu ni la serikali, aombwe aonyeshe kifungu.

Vijiji vya milimani huhusishwa zaidi na neno la nne, ruzuku. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, hutangaza zabuni kwa maeneo ambayo biashara peke yake haiyafikii, na kampuni hushindana kuomba fedha kidogo zaidi za kujengea mnara. Anayeshinda amesaidiwa gharama tu. Akishawasha mnara wake, kanuni za ushindani zinambana kama zinavyombana mwenye mnara wa Kariakoo.