Woka baada ya kiharusi: tazama mkono kwanza, kikapu baadaye

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka hospitali, jamaa huwa na haraka ya kumnunulia woka, kile chuma cha miguu minne anachokishika mbele yake akitembea. Siku ya pili kila mmoja anakuja na cha kukifungia: huyu mkoba, yule kikapu, mwengine sinia. Nia ni njema. Lakini mimi namuuguza ami yangu, na nikiulizwa tuanze na kipi, nasema tazameni mkono uliolegea, halafu tazameni nyumba.

Kiharusi mara nyingi hudhoofisha upande mmoja wa mwili, na woka ya kawaida inataka mikono miwili. Mkono mmoja usiposhika, woka huenda upande na mgonjwa akaifuata. Kwa hivyo kifaa cha kuulizia kabla ya vyote ni kibao cha kulazia mkono. Hufungwa juu ya mpini, kina sponji na mkanda, na mgonjwa hulaza mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja, uzito usikae kwenye vidole visivyokaza. Mkono ukiwa haufanyi kazi kabisa, huenda akahitaji woka ya kushika kwa mkono mmoja, au bakora ya miguu minne. Hilo ni la kuamuliwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, si muuzaji, wala jirani ambaye mamake aliwahi kuwa nayo.

Kuna duka walitaka kutuuzia ile ya magurudumu manne, yenye kiti na breki za mkononi, wakitwambia ndiyo ya kisasa. Breki mbili, na ami ana mkono mmoja wa kushikia! Tukaiacha. Ile yamfaa mtu anayechoka upesi lakini anasimama imara na mikono yake yote inakaza.

Kabla ya kulipa, mgonjwa asimame na viatu vyake, mikono ikining'inia. Mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono, ili akiushika kiwiko kipinde kidogo. Na pima mlango wa chooni. Woka nyingi za watu wazima zina upana wa karibu sm 60, na nyumba zetu za Mji wa Kale zina milango ambayo haipitishi.

Kitu kidogo chenye kazi kubwa ni ile mipira ya miguuni. Mistari yake ya chini ikisagika, woka huteleza kwenye vigae vilivyomwagika maji. Ichunguze kila wiki, na ukienda kununua mengine chukua mpira mkuukuu mkononi, kwa sababu mabomba hayalingani unene. Watu hufunga vipande vya tairi kwa waya; waya hulegea. Kwenye mchanga hata mipira mipya huzama, hasa mgonjwa akiegemea, kwa hivyo ua wa mchanga asiupite bila mtu kando yake.

Mkoba ufungwe mbele, katikati, uwe wa kitambaa chepesi, na mkono wenye nguvu uufikie. Simu, dawa, tasbihi, chupa ndogo ya maji. Ukining'inizwa kwenye mpini mmoja huivuta woka upande, na ukijazwa huiangusha mbele. Sinia la kuweka juu lina raha yake, maana mtu anajichukulia kikombe chake kutoka jikoni bila kumwita mjukuu, na hilo kwa ami si jambo dogo. Ila liwe na kingo, chai iwe kwenye chupa yenye kifuniko, na liondolewe anapotaka kukaa au kuinuka. Kuinuka kwenyewe asukume kiti kwa mkono mzima. Asiivute woka, itamwangukia.

Mikeka na mabusati ya njiani yakunjwe. Leso ndefu na kikoi kinachoburura navyo hunasa miguuni. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe juu yake kiti imara chenye tundu, na chuma cha kushikilia kipigiliwe ukutani upande wa mkono wenye nguvu. Udhu atie akiwa amekaa. Sala ya kwenye kiti ni ruhusa kwa asiyeweza kusimama, na kwa anayeogopa kuingiza woka msikitini, weka kitambaa cha majimaji mkobani umpangusie miguu yake mlangoni.

Wenye uwezo mdogo waulize Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hupokea maombi ya vifaa vya kusaidia. Bombolulu nako kuna karakana za APDK zinazotengeneza viti vya magurudumu. Fundi wa kuchomea vyuma mtaani anaweza kukutengenezea chuma cha ukutani, lakini woka yenyewe usimpe aitoboe au kuichomea: mabomba yake mengi ni ya aluminiamu nyembamba, na tundu moja hulidhoofisha bomba zima.